Nani Kamvua Huyu Samaki? Historia ya Kutafuta Mkahawa Unaopika vya Karibu



Kila likizo ikikaribia swali huwa lilelile, na sie tulio ughaibuni tunaulizwa na kila mgeni anayetushukia: wapi nitapata mkahawa unaopika vya hapa hapa, chakula kisichomaliza bahari wala kuchosha ardhi? Siku hizi mtu anatoa simu mfukoni, anaandika maneno mawili matatu, mara analetewa orodha ndefu yenye nyota, majani ya kijani na picha za wakulima wanaocheka. Mie nina shaka na orodha hizi, na shaka yangu inatokana na historia yake. Ukiifuatilia utakuta jambo moja linajirudia nchi hadi nchi: alama huzaliwa pale ambapo kujuana kumekufa, na alama ikishakuwa na bei, haichukui muda kabla mtu hajaighushi.

Wazee wetu wa pwani hawakuhitaji alama. Samaki akishushwa pwani ilijulikana kaja na chombo cha nani, na kama kavuliwa kwa mshipi, kwa dema au kwa jarife. Muuzaji alikuwa jirani, akikuuzia kilichooza utakutana naye kesho harusini. Lakini tusipambe mambo. Wazee haohao walikula mchele ulioletwa kutoka Bara Hindi na Burma, na muhogo na mahindi waliyoyaita ya kienyeji asili yake ni Amerika. Kwa hivyo ukienyeji haukuwa na maana kwamba kila kitu kimeota uani. Maana yake ilikuwa kwamba ukiuliza, yupo mtu wa kukujibu.

Sasa wenzetu wa Ulaya walianzaje? Kitabu mashuhuri kuliko vyote cha kuelekeza watu mikahawani kilitolewa na wauza matairi. André na Édouard Michelin, ndugu wawili, walikichapa mwaka 1900, wakati Ufaransa nzima haikuwa na magari 3,000, nao wakatoa nakala 35,000 na kuzigawa bure. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: mtu akisafiri tairi litalika, akirudi atanunua jingine. Nyota zikaanza 1926, na daraja zake tatu zikafuata 1931. Nyota tatu maana yake ni mkahawa unaostahili kufungiwa safari. Yaani tangu mwanzo chakula bora kilifanywa kitu cha kuendewa mbali kwa gari, maana mwenye kitabu ana tairi la kuuza.

Ila waliokuwa wakipewa nyota hizo si wote walikuwa mabwana wa mahoteli makubwa. Mjini Lyon kulikuwa na akina mama waliofungua vyumba vya kulia baada ya kuacha kazi ya upishi majumbani kwa matajiri, na watu wa mji wakiwaita kwa jina la mama, Mama fulani, kama sie tunavyosema mama ntilie. Aliyevuma kuliko wote ni Eugénie Brazier, aliyezaliwa 1895, akachunga ng'ombe na nguruwe utotoni katika mashamba ya Bresse. Alifungua mkahawa wake Lyon mwaka 1921, na 1933 akapata nyota tatu kwa mikahawa yake miwili kwa mpigo, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya kabla yake. Kuku alikuwa akiwachukua Bresse kwao. Inasimuliwa kwamba alikuwa mkali mno kwa mletaji wake hata yule bwana akasema siku moja itambidi awakate kuku kucha na kuzipaka rangi ndipo mama akubali. Ukali huo ndio uliokuwa cheti. Alijua kuku mzuri anakuwaje kwa sababu amekulia nao.

Kuku wa Bresse baadaye akapewa ulinzi wa jina kisheria, mwaka 1957. Ukisikia sheria imeingia, ujue waigaji walishatangulia.

Tuvuke bahari twende Marekani, maana huko ndiko mtindo tunaouona leo ulikokatwa na kushonwa. Baada ya vita vya pili Wamarekani walikuwa wamefikia pahala ambapo chakula hakikuwa tena na kijiji. Kilikuja katika kopo, katika barafu, au kutoka mkahawa wa kando ya barabara kuu ambao ukila Ohio au ukila Texas ladha ni moja, na watu walijivunia hilo, si kitu cha kuwacheka. Katika hali hiyo mwanamke mmoja kijana, Alice Waters, mwanafunzi wa Berkeley aliyekwenda kusoma Ufaransa katikati ya miaka ya 1960, alirudi na kiu ya saladi. Nasema saladi kwa makusudi. Alikuwa hataki anasa, alitaka majani mabichi yenye ladha kama aliyokula kule, na hakuyapata dukani.

Tarehe 28 Agosti 1971 akafungua mkahawa Shattuck Avenue, Berkeley, akauita Chez Panisse, jina la mhusika katika filamu za Marcel Pagnol. Usiku wa kwanza kulikuwa na mlo mmoja tu, uchague usichague: andazi la nyama, bata kwa zeituni, na keki ya plamu, kwa dola 3.95. Hakukuwa na shamba wala siasa ya mazingira katika menyu ile. Ilikuwa ni Ufaransa iliyopikiwa California na vijana wasiojua hesabu, na kwa miaka mkahawa uliendeshwa kwa hasara.

Mgeuko ulikuja taratibu. Mpishi Jeremiah Tower aliyeingia 1973 ndiye aliyeandaa mlo wa tarehe 7 Oktoba 1976, ambao menyu yake haikuandikwa Kifaransa bali Kiingereza, na kila chakula kimetajwa na mahali kilipotoka: chaza wa ghuba ya Tomales, kamba wa Monterey, na kadhalika. Leo tunaona jambo hilo ni la kawaida hata linachosha, kila menyu ina majina ya mashamba kama orodha ya wapiga kura. Mwaka 1976 ilikuwa ni kama kusema hadharani kwamba kwetu nako ni kwenu.

Lakini kutaja mahali ni rahisi, kupata mzigo wa kila siku ndiyo kazi. Miaka ya 1980 Chez Panisse waliajiri mtu ambaye kazi yake haikuwa kupika wala kupakua, bali kuzunguka mashambani akitafuta nani ana nini, mwezi gani, na analimaje. Baba yake Alice naye alitumwa azunguke kutafuta shamba moja litakalolima kwa ajili ya mkahawa, ndipo akapatikana Bob Cannard wa kaunti ya Sonoma. Gari lililoleta mboga lilirudi shambani na maganda na mabaki ya jikoni yakawe mbolea. Hapa ndipo nataka msomaji atulie. Mkahawa huu haukupata sifa kwa kujiandika kijani. Ulimlipa mtu mshahara ili kujuana kurudi, na uliahidi kununua kabla mbegu haijamwagwa. Ni kazi ya gharama, na gharama hiyo ipo kwenye bei: mlo wa dola 3.95 leo ni zaidi ya dola 100. Chakula cha mkulima kimekuwa chakula cha mwenye nacho. Waters mwenyewe aliliona tatizo hili, na 1995 akaanzisha bustani ya mafunzo katika shule ya serikali ya Martin Luther King Jr. hapo hapo Berkeley, watoto walime na wapike. Hilo ni zuri, ila halijibu swali la mlaji wa kawaida anayetafuta pa kula Jumanne mchana.

Jibu la karibu zaidi lilitoka Italia, na lilitoka katika mwaka mmoja mchungu, 1986. Watu wengi wanapenda kusimulia nusu ya hadithi, kwamba mwezi Machi mwaka ule McDonald's walifungua tawi karibu na ngazi za Piazza di Spagna, Roma, na watu wakaandamana na kugawa tambi. Ni kweli. Lakini mwezi huohuo kulitokea jambo lililokuwa zito zaidi. Mvinyo wa bei rahisi uliotoka wilaya ya Cuneo, kaskazini, uligunduliwa umetiwa methanoli ili kuuongezea nguvu. Watu zaidi ya 20 walikufa, wengine wakapofuka. Mlevi wa Milano hakujua aliyetengeneza mvinyo wake ni nani, na yule mtengenezaji hakuwa na hofu ya kukutana naye harusini. Hapo karibu, mji wa Bra, alikuwapo Carlo Petrini, mwandishi na mwanaharakati, ambaye na wenzake mwaka uleule walianzisha chama kilichokuja kujulikana duniani kama Slow Food. Tamko lao la kimataifa lilitiwa saini Paris, Desemba 1989. Nembo yao ni konokono.

Kitu kilichonivutia kwao si tamko, maana matamko tunayo mengi. Ni kitabu walichoanza kutoa 1990, Osterie d'Italia, cha kuelekeza watu kwenye osteria, yaani vile vijumba vya kulia vya watu wa kawaida, meza chache, mama jikoni, baba anapakua. Waliacha zile fahari za Michelin. Wanachama wa mji ndio waliokuwa wakaguzi, walikula pale tangu utoto, na masharti yalikuwa upishi wa mahali hapo kwa bei isiyomtoa mtu roho. Baadaye Petrini akafupisha msimamo wake katika maneno matatu yaliyokuwa jina la kitabu chake cha 2005: chakula kiwe kizuri, kiwe safi, kiwe cha haki. Hilo la tatu, haki, ndilo linalosahauliwa na waandika menyu. Na ndilo linalotuhusu sie.

Kabla sijafika huko, niseme habari za samaki, maana baharini ndiko uongo ulikonenepa. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ya Canada ilisimamisha uvuvi wa samaki wa kod kwenye pwani ya Newfoundland, yule mweupe anayeliwa na chipsi Uingereza. Alikuwa amevuliwa kwa karne tano, akamalizwa na meli za kukokota nyavu katika miongo michache. Watu kama 30,000 walikosa kazi. Ndipo wauza samaki wakubwa wakaingiwa na baridi, na 1997 likaundwa shirika la Marine Stewardship Council la kutoa alama kwa uvuvi unaoacha mbegu, waanzilishi wake wakiwa WWF na kampuni ya Unilever. Miaka miwili baadaye nyumba ya maonyesho ya samaki ya Monterey, California, ikatoa kadi ndogo ya mfukoni yenye rangi tatu kama taa za barabarani: kijani kula, njano fikiri, nyekundu acha. Mtu akawa anaingia mkahawani na kadi kama anaingia mtihanini.

Kadi ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba ilimwamini mpakuaji anaposema jina la samaki. Kumbe majina yenyewe yanauzwa. Mfanyabiashara mmoja wa Los Angeles mwaka 1977 alichukua samaki wa bahari za kusini aliyekuwa akiitwa kwa Kiingereza samaki wa meno wa Patagonia, akampa jina tamu la Chilean sea bass, na baada ya miaka 20 samaki yule alikuwa anawindwa hata kufikia hatari. Halafu shirika la Oceana likachukua vipande 1,215 vya samaki katika majimbo 21 ya Marekani kati ya 2010 na 2012 wakavipima vinasaba. Theluthi moja ilikuwa na jina la uongo. Katika vipande 120 vilivyouzwa kwa jina la snapa mwekundu, 7 tu ndivyo vilivyokuwa yeye. Sasa hapo kadi ya rangi tatu itakusaidia nini?

Na sie tuna wetu, sangara. Samaki huyu alitiwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960, akala wenzake, kisha viwanda vikajengwa Mwanza, Kisumu na kwengineko kumkata minofu na kuirusha Ulaya. Pale Mwanza watu waliokaa kando ya ziwa wakabaki na mapanki, ule mfupa na kichwa. Filamu ya Hubert Sauper ya 2004 ilileta mzozo mkubwa nyumbani, na Rais Kikwete mwenyewe aliilaumu 2006, na mimi naona filamu ile ilikuwa na chumvi nyingi. Lakini hata ukitoa chumvi, swali linabaki mezani: minofu ikiwa safi katika sahani ya Brussels, na ina karatasi zake zote, mlaji ameuliza nani amekula mapanki?

Nije sasa kwenye kisa kilichogusa mifuko ya watu wetu moja kwa moja, nacho ni hesabu ya maili. Miaka ya 1990 mwanzoni, mwalimu mmoja wa siasa za chakula Uingereza, Tim Lang, alibuni neno la maili za chakula, yaani umbali kinaosafiri chakula toka shamba hadi sahani. Alikusudia kuwafanya watu wafikirie mambo yote yaliyo nyuma ya sahani. Watu wakakamata maili peke yake, kwa sababu maili inahesabika. Mwaka 2005 Jessica Prentice na wenzake huko San Francisco wakawataka watu wale mwezi mzima vitu vya ndani ya maili 100 tu, kama kilomita 160, wakabuni neno locavore kwa mlaji wa namna hiyo. Mwaka 2007 kamusi ya Oxford ya Marekani ikalichagua kuwa neno la mwaka.

Mwaka huohuo wa 2007 moto ukafika Kenya. Maduka ya Tesco na Marks & Spencer yalianza kubandika picha ya ndege juu ya mboga zilizokuja kwa ndege. Chama cha Soil Association, ambacho ndicho kinachotoa vyeti vingi vya kilimo hai Uingereza, kikaitisha maoni kama kiwanyime cheti wote wanaosafirisha kwa ndege. Fikiria mkulima wa mishiri wa Kirinyaga au Machakos, yale maharage mabichi membamba. Kalima bila dawa, kwa mkono, kwa jua la Mungu lisilo na bili, kafuata kila sharti aliloandikiwa na Mzungu, halafu anaambiwa uchafu wake ni kwamba yuko mbali. Na mikahawa ya London nayo ikaanza kujisifu kwenye menyu kwamba hakuna kilichoruka kwa ndege. Ubalozi wa Kenya ukajibu kwa kampeni ya kusema mazao haya yameota kwa jua.

Hesabu zilipofanywa zikawa upande wa mkulima kuliko watu walivyodhani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, New Zealand, wa 2006 ulisema tani ya nyama ya kondoo iliyolelewa kule na kusafirishwa kwa meli hadi Uingereza inatoa kilo 688 za hewa ya ukaa, na ile ya kondoo wa Uingereza mwenyewe kilo 2,849. Unaweza kusema Wanyuzilandi wanajipigia debe, sawa. Lakini Cranfield, chuo cha Waingereza, kilipima 2007 mawaridi 12,000 ya Kenya, pamoja na ndege yao, yakatoa kilo 6,000. Ya Uholanzi, yaliyooteshwa katika mabanda ya kioo yanayopashwa moto, kilo 35,000. Waridi haliliwi, najua, ila banda la moto ni lilelile linalootesha nyanya. Na 2008 Weber na Matthews wa Carnegie Mellon wakaonyesha kwamba kwa Mmarekani usafiri wote ni kama asilimia 11 ya uchafu wa hewa unaotokana na chakula chake, na safari ya mwisho hadi dukani ni asilimia 4 tu. Kilichobaki karibu chote ni namna kilivyozalishwa. Mwisho wa 2007 Soil Association hawakufunga mlango, bali walipendekeza masharti ya haki kwa mkulima kwa mazao ya ndege. Hata hivyo mtu akishajifunza kwamba mbali ni vibaya, kumfunza upya ni kazi.

Msinielewe vibaya, sisemi ndege ni nzuri. Ukila mishiri ya ndege mwezi wa sita, bustani za Kent zikiwa zimejaa maharage yao, huo ni upuuzi. Ninachosema ni kwamba umbali ni jibu la swali moja tu, na menyu ya London ilitaka liwe jibu la maswali yote kwa sababu ni rahisi kuchapa.

Na kuchapa ndiko kulikotoa kashfa ya Florida. Mwaka 2016 mwandishi wa Tampa Bay Times, Laura Reiley, alichukua menyu za mikahawa ya eneo lake iliyojiita ya shamba hadi meza, akafanya jambo ambalo nashangaa halikufanywa zamani: akawapigia simu wakulima. Mmoja baada ya mwengine akasema hawauzii mkahawa ule, au aliacha zamani, au hajawahi kamwe. Majina yao yalikuwa ukutani kwa chaki. Samaki na nyama nyengine alizipeleka maabara. Aliandika kama mtu aliyechoka kudanganywa, na mwaka uliofuata akawa miongoni mwa walioteuliwa fainali ya tuzo ya Pulitzer. Ubao wa chaki, uliobuniwa ili kumtambulisha mkulima, umegeuka pambo kama maua ya plastiki. Michelin nao wakaanzisha nyota ya kijani 2020. Miaka 120 baada ya kugawa vitabu ili watu waendeshe magari zaidi!

Sasa mambo ya kwetu. Mwezi Julai 2022 Slow Food walimchagua rais mpya kushika nafasi ya Petrini, na aliyechaguliwa ni Edward Mukiibi wa Uganda, mtaalamu wa kilimo aliyesoma Makerere na kuanza na bustani za mashuleni wilaya ya Mukono mwaka 2006. Sijaona Waswahili wengi wakilijadili hili, na ni jambo kubwa: chama kilichozaliwa kwa ajili ya mvinyo na tambi sasa kinaongozwa na mtu wa matoke. Ni vigumu kumwambia yeye kwamba haki ya mkulima ni pambo la mwisho wa sentensi.

Nyumbani neno kienyeji tayari lina bei. Kuku wa kienyeji ni ghali kuliko wa kisasa, na kila anayekwenda sokoni anajua machotara wanavyovishwa jina hilo. Kwa hivyo tusijidanganye kwamba ujanja ni wa Florida tu. Wala ukaribu peke yake hautuokoi. Mama ntilie wa Dar es Salaam ndiye mkahawa wa vya karibu kuliko wote, hana friza ya kuficha kitu, ila anapikia mkaa uliokatwa misitu ya Pwani na Morogoro, na mchicha wake huenda umetoka bonde la Msimbazi. Utafiti uliochapishwa 1999 ulikuta madini mazito katika mboga zilizooteshwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Maili mbili tu kutoka kwenye sahani. Si kosa la mama, yeye hana wa kumuuliza kama ambavyo wewe huna. Lakini ukimuuliza mchicha kanunua wapi, atakwambia, na hapo ndipo anapoishinda ile mikahawa yenye chaki.

Vivyo hivyo kwa samaki. Kwa miaka mingi pwani ya Tanzania iliteswa na baruti, hadi ukali wa serikali wa miaka ya baada ya 2015 ulipoipunguza sana. Samaki wa baruti wachuuzi wanamjua kwa mkono: nyama imelegea na mifupa imevunjika kwa ndani. Mpishi wa hoteli ya kitalii asiyekwenda mnadani mwenyewe hawezi kujua hilo, atalijua jina la samaki tu. Na pweza naye ana habari yake. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, Madagascar, kilifunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa pweza wakue, na mtindo huo ukafika kwetu, Kisiwa Panza huko Pemba wakiwa miongoni mwa walioufuata. Anayeumia mwamba ukifungwa ni mama anayechokoa pweza kwa mtaimbo maji ya bamvua, kwa sababu ndiye anayetembea kwa miguu, hana mtumbwi wa kwenda kwengine. Kwa hiyo ukiona pweza mdogomdogo amepangwa kwenye mishikaki ya watalii, mwulize mwenye jiko ametoka mwamba gani na umefunguliwa lini. Akijua, kaa ule. Akikujibu pweza ni pweza tu, basi umeshajua anavyonunua.

Kwa ndugu wa Muscat hata kuuliza si kwingi. Nguru, ambaye huko wanamwita kan'ad, hufungiwa uvuvi kila mwaka kuanzia 15 Agosti hadi 15 Oktoba ili azae. Ukipakuliwa nguru katikati ya Septemba na ukaambiwa kaja asubuhi hii kutoka baharini, basi ama ametoka kwenye barafu, ama ametoka nchi nyengine, ama kuna mtu kavunja sheria usiku. Mwite mwenye mkahawa akwambie ni lipi katika hayo matatu.